Kiazi Kisichochimbwa

Matembele ni majani na ncha changa za mmea wa kiazi kitamu, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Ipomoea batatas. Mmea huu hausimami, hutambaa. Kila kifundo cha rando kinachogusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi, na penye mizizi huchomoza chipukizi. Chipukizi nalo huwa rando, na baada ya miezi miwili au mitatu ardhi iliyokuwa wazi imefunikwa kama kwa mkeka. Wakulima wengi huuhesabu kuwa mmea wa msimu mmoja. Sababu ni jembe: mwenye shamba huja kutafuta kiazi, na akishachimba, mmea umekwisha. Usipochimbwa, mahali ambapo umande haugandi, huendelea kuishi na kuchipua mwaka baada ya mwaka. Hapo huwa mboga ya kudumu, na kiazi chenyewe kinakuwa jambo la pembeni.

Mboga hiyo inaweza kulimwa hata Majengo, jina la mitaa mingi ya Kenya. Pumwani ya Nairobi huitwa hivyo, Mombasa ina Majengo yake, na kwenye miteremko ya Mlima Kenya miji ya Meru na Embu kila mmoja una mtaa wa jina hilo. Mitaa ya namna hii kwa kawaida ilianza wakati wa ukoloni kama makao ya Waafrika waliokuja mjini kwa kazi na biashara, wengi wakiwa Waislamu na wazungumzaji wa Kiswahili, na mapishi ya Pwani yakapanda mlima pamoja nao. Kwa hiyo rando la kiazi lina hadhi mbili katika eneo hili. Kwa wakulima wa miteremko, rando ni malisho: hufyekwa, hufungwa mzigo na kupelekwa zizini. Meru ina wafugaji wengi wa mbuzi wa maziwa, hasa wa aina ya Toggenburg walioletwa na mradi wa FARM-Africa katika miaka ya 1990, na mbuzi hao huyapenda marando kuliko majani ya nepia yaliyokomaa. Kwa mpishi aliyelelewa Tanga au Mombasa, kumtupia mbuzi ncha changa za matembele ni israfu. Wote wawili wana haki, kwa kuwa mmea mmoja unaweza kuwalisha wote, mradi mkataji ajue wapi pa kupitisha kisu.

Asili ya kiazi kitamu ni nchi za joto za bara la Amerika. Kiliingia Afrika kwa njia ya biashara ya Wareno kuanzia karne ya 16, kikasambaa bara kutoka bustani hadi bustani, kwa sababu mbegu yake ni kipande cha rando tu, kitu ambacho msafiri anaweza kukibeba kwenye kikapu. Kufikia mwisho wa karne ya 19 kilikuwa chakula cha kawaida kwenye miteremko ya Mlima Kenya, pamoja na viazi vikuu, nduma, ndizi na wimbi. Waembu na Wakikuyu hukiita ngwaci. Kilichosafiri kwa kasi kilikuwa kiazi. Desturi ya kula jani haikufika kila mahali kilipofika kiazi. Huko Ufilipino na Taiwan ncha za kiazi kitamu ni mboga ya sokoni ya kila siku. Dar es Salaam matembele hulimwa kwenye mabonde ya mjini na kuuzwa kwa mafungu kando ya mchicha. Meru na Embu, mama mboga hupanga sukuma wiki, spinachi, terere na managu, na majani ya viazi hayaonekani sana mezani pake, ingawa yamejaa mashambani hatua chache kutoka hapo.

Kabla ya kuingia bustanini kuna onyo moja ambalo lugha yenyewe inalidai. Neno kiazi limebeba mimea miwili isiyo na undugu. Kiazi cha kizungu, yaani waru, ni cha ukoo wa nyanya na managu, na majani yake yana sumu. Hayaliwi hata yakichemshwa. Kiazi kitamu ni cha ukoo mwingine kabisa, ule wa maua yenye umbo la tarumbeta, meupe au ya zambarau, yanayofunguka asubuhi na kunyauka jua likipanda. Ukoo huu nao una ndugu wa mwituni, baadhi yao wenye sumu kwa watu na kwa mifugo, na ua la mmoja hufanana sana na la mwingine. Kwa sababu hiyo mbegu ya matembele haiokotwi kwenye ua wa mtu au kando ya mto. Huchukuliwa kutoka shamba ambalo viazi vyake vimekwisha kuliwa na watu.

Majani ya kila aina ya kiazi kitamu huliwa, lakini hayalingani kwa utamu. Kuna yenye umbo la moyo na yenye vidole kama vya mkono, kuna ya kijani kibichi na yenye ncha za zambarau. Tanzania ina matembele ya bustani yanayolimwa kwa ajili ya jani peke yake, ambayo mizizi yake hainenepi sana. Nchini Kenya aina zinazojulikana zaidi, kama KEMB 10, SPK 004, Kabode na Vita, zilichaguliwa kwa ajili ya kiazi. Kabode na Vita ni za kiazi cha rangi ya chungwa na zilitoka Uganda. Mtafiti Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, kwa kazi ya kuzalisha vyakula vyenye virutubisho zaidi, kiazi hicho kikiwa mfano wao mkubwa. Rangi ya kiazi, hata hivyo, haimhusu sana mla majani. Jani la kijani lina karotini yake, kiazi kiwe cheupe, cha manjano au cha chungwa. Cha kuangalia kwenye jani ni ulaini. Ncha isiyo na vinyweleo, inayovunjika kwa kidole bila kuacha uzi mrefu, ndiyo inayofaa chungu. Anayetaka mbegu safi anaweza kuanzia kwenye kituo cha shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, kilichopo Embu, au kwa wakulima wanaozidisha mbegu za viazi. Mbegu ya jirani pia ni nzuri, ikiwa jirani ana shamba lisilo na majani yaliyokunjamana.

Hali ya hewa ya miji hii miwili inaufaa mmea. Embu iko kwenye kimo cha mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, na Meru juu kidogo, karibu mita 1,500. Mvua huja mara mbili, za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Udongo mwekundu wa mlima una kina, unashika maji na haujai maji kwa urahisi. Kinachopunguza kasi ni baridi. Matembele ya Dar es Salaam huweza kuchumwa baada ya mwezi mmoja na siku chache. Meru, hasa mwezi wa Julai mawingu yanapokaa juu ya mji, huhitaji wiki kadhaa zaidi. Anayepanda mwanzoni mwa mvua za vuli huupa mmea miezi ya joto ya kujitandaza kabla ya baridi.

Viwanja vya Majengo ni vidogo, na hilo si kikwazo. Kitalu cha upana wa mita moja na urefu wa mita tatu kinatosha kuanzia. Udongo hulimwa kwa kina cha jembe, magugu ya mizizi kama sangari yakatolewa yote, kwa maana yakibaki yatapenya katikati ya marando ambako jembe halitaingia tena. Samadi iliyooza vizuri huchanganywa humo, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mbili za mraba. Hapa kuna tofauti na kilimo cha kiazi. Mkulima wa kiazi huogopa samadi nyingi kwa kuwa mmea hukimbilia majani na kusahau mizizi. Kwa mkulima wa jani, hicho ndicho anachokitaka. Kwa sababu hiyo pia hahitaji matuta makubwa. Kitalu bapa kilichoinuliwa kiganja kimoja kinatosha, ila mahali pa bondeni panapotuama maji, ambapo tuta huokoa mizizi isioze.

Kipando hukatwa kutoka ncha ya rando lenye afya la miezi miwili au mitatu, urefu wa sentimita 25 hadi 30, chenye vifundo vitano au zaidi. Wengi hupanda sehemu yoyote ya rando na mmea huota, lakini sehemu ya shina karibu na udongo ndiko fukusi wa viazi hutaga mayai, na anayeipanda huenda akawa anapanda mdudu pamoja na mboga. Majani ya chini huondolewa, vipando vikafunikwa kwa gunia bichi kivulini kwa siku moja au mbili hadi mizizi midogo ianze kuonekana. Kisha hulazwa kwa mshazari ardhini, vifundo vitatu vikiwa chini ya udongo na ncha ikiwa juu. Kwa ajili ya kiazi nafasi kati ya matuta ni karibu mita moja. Kwa ajili ya jani, sentimita 20 kati ya mche na mche na 30 kati ya mistari zinatosha, na kitalu cha mita tatu za mraba kitachukua vipando 50. Kupanda jioni, au siku ya mawingu, huokoa vingi.

Penye uwanja wa saruji, gunia hufanya kazi ya kitalu. Katikati yake hupangwa nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu ili maji yafike kila mahali, udongo uliochanganywa na samadi ukazungushwa, na vipando vikapandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Marando huning'inia badala ya kutambaa, na kwa kuwa hayagusi udongo hayaongezi mizizi, kwa hiyo gunia huchoka mapema kuliko ardhi na hulazimika kumwagiliwa karibu kila siku wakati wa kiangazi. Hata hivyo, kuku hawalifikii kwa urahisi. Kuku wa mtaani huweza kukiparua kitalu kipya hadi kisionekane, kwa hiyo kilicho chini kizungushiwe miti au wavu kwa miezi miwili ya kwanza.

Palizi ni kazi ya mwezi mmoja na nusu wa mwanzo tu. Marando yakishakutana, kivuli chake huyanyima magugu mwanga. Ndipo faida ya pili ya mmea huu inapojitokeza, ile ambayo mla matembele hufikiria mara chache. Kwenye miteremko ya Meru na Embu matone ya mvua kubwa hupiga udongo mwekundu na kuusukuma hadi mitoni, ndiyo maana mashamba mengi yamekatwa makinga maji ya aina ya fanya juu. Kingo za makinga hayo zinahitaji mmea wa kuzishika. Kiazi kitamu kikipandwa hapo kwa ajili ya kiazi, siku ya kuchimba ukingo hubomoka na kazi yote ikapotea. Kikipandwa kwa ajili ya majani, hakuna kuchimba, na ukingo hubaki umefunikwa mwaka mzima. Chini ya migomba pia matembele hustawi vya kutosha, kwa kuwa jani huvumilia nusu kivuli kuliko kiazi. Huko huwa laini zaidi, ingawa haba.

Uchumaji huanza pale marando yanapofika urefu wa nusu mita hivi. Huchumwa ncha, sentimita 15 hadi 20, pamoja na majani manne au matano ya juu, nayo majani makubwa ya nyuma huachwa yalishe mmea. Ncha ikikatwa, vifundo vilivyo nyuma yake hutoa machipukizi mawili au matatu, kwa hiyo kitalu kinachochumwa vizuri huzidi kuwa kizito. Kitalu cha kupuuzwa hurefuka, huvuka njia na kuwa migumu kama miti. Mahali pamoja papumzike wiki mbili kabla ya kuchumwa tena. Njia rahisi ni kukigawa kitalu nusu mbili na kuchuma nusu moja kila wiki. Kosa la kawaida ni kufyeka kila kitu kwa panga siku wageni walipofika, kisha kushangaa mwezi mzima mbona hakichipui.

Hapo pia ndipo pa kuamua juu ya kiazi. Jani ndilo linalotengeneza sukari inayoshuka kwenye mizizi kuwa kiazi, na kila ncha inayochumwa ni sukari isiyoshuka. Kuchuma kidogo mara moja moja hakuharibu mavuno, lakini kuchuma kila wiki mbili huacha mizizi myembamba. Anayetaka vyote viwili atenge sehemu mbili kuliko kuudai mmea mmoja mara mbili. Baada ya miezi minne au mitano mashina ya kitalu cha majani huwa magumu. Hukatwa yote na kubakizwa sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo, samadi ikatandazwa, na ndani ya wiki chache ncha mpya hutokea. Mafyeko hayo ndiyo fungu la mbuzi. Marando yana protini nyingi kuliko nepia, na hupewa yakiwa yamenyauka kidogo, yakichanganywa na majani mengine ya kutafuna.

Maji ya kumwagilia ni suala zito kuliko samadi mjini. Matembele hulala chini, na kila kilichomo kwenye maji hubaki juu ya jani. Maji ya mtaro au ya mto unaopokea taka za vyoo huleta minyoo na vijidudu vya kuhara, na kuosha kwa maji baridi hakuviondoi vyote. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi, au ya bomba, ni salama zaidi, na ya kuogea yasiyo na sabuni nyingi yanaweza kumwagwa kwenye udongo bila kugusa majani. Mahali pa kitalu pia pachaguliwe. Petroli yenye risasi iliondolewa katika vituo vya mafuta kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na udongo wa ukingo wa barabara ya zamani au wa karakana palipovunjwa betri unaweza kuwa nayo hadi leo. Mboga ya majani isipandwe hapo hata ikistawi.

Jikoni matembele hayana makuu. Ncha huoshwa mara mbili tatu, vikonyo vilivyokomaa vikamenywa uzi, na utomvu mweupe unaotoka huacha weusi vidoleni unaoisha baada ya siku moja. Huchemshwa dakika tatu hadi tano kwenye maji mengi yenye chumvi, maji yakamwagwa. Kumwaga maji huondoa ukakasi pamoja na sehemu ya asidi ya okisali, ile inayoweza kumsumbua mtu mwenye historia ya mawe ya figo. Kwa mapishi ya Pwani huungwa kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, na kuliwa na wali au ugali. Wengine huyapika chukuchuku kwa ndimu. Mafuta kidogo au tui yana kazi zaidi ya utamu, kwa kuwa karotini ya jani hufyonzwa vizuri mwilini ikiwa na mafuta. Mukimo wa Mlima Kenya, ambao tayari hupondwa na majani ya malenge au thabai, unayapokea matembele bila ugomvi, ingawa yale ya zambarau huutia rangi ya majivu isiyovutia.

Gramu 100 za majani mabichi zina protini karibu gramu 2.5 na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 5, kiasi kikubwa kwa mboga ya majani. Yana vitamini K nyingi mno, mikrogramu 300 hivi, zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Kwa watu wengi hilo halina neno. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda ya warfarin asianze kula matembele kila siku, wala asiache ghafla, bila kumwambia daktari wake, kwa sababu vitamini hiyo hufanya kazi kinyume cha dawa. Baada ya kuchumwa majani hunyauka upesi. Yakifungwa kwenye kitambaa kibichi mahali pa ubaridi hukaa siku mbili.

Maadui wa kitalu ni wachache lakini wanakijua. Wa kwanza kuonekana ni viwavi wa kipepeo wa rangi ya chungwa aitwaye Acraea acerata, ambao wakiwa wadogo hukaa kundi moja ndani ya utando kwenye jani. Jani hilo likichumwa na kupondwa mapema, kazi imekwisha kwa dakika moja. Wakiachwa watawanyike, hasa wakati wa ukame, wanaweza kubakiza vijiti vitupu. Kiwavi mwingine, mnene kama kidole na mwenye pembe mkiani, hula peke yake, na kuku aliyezuiwa kuingia kitaluni anaweza kuruhusiwa siku hiyo. Dawa za kunyunyizia zina hasara zaidi ya faida kwenye mboga inayochumwa kila wiki mbili, kwa maana siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa huweza kumeza mavuno yote.

Virusi ni tatizo la kimya zaidi. Kimoja huletwa na vidukari, kingine na nzi weupe, na vinapokutana ndani ya mmea mmoja majani huwa madogo, membamba, yaliyokunjamana na yenye umanjano, na mmea hudumaa. Hakuna tiba. Mche wa namna hiyo hung'olewa na kuchomwa, na haukatwi vipando hata ukiwa ndio pekee uliobaki. Wakulima wengi wa matembele hudhani kitalu kimezeeka au samadi imepungua, kumbe wamekuwa wakipanda ugonjwa uleule msimu hadi msimu.

Fukusi ndiye anayeweka mpaka kwenye wazo la kiazi kisichochimbwa. Ni mdudu mweusi mwenye umbo kama la siafu na mdomo mrefu, na watoto wake hutoboa mashina na viazi. Mmea wa majani nao hutunga viazi vichache chini, na visipochimbwa huwa nyumba ya fukusi mwaka mzima. Kwa hiyo kitalu cha kudumu hakiachwi milele mahali pamoja. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili hukatwa vipando vya ncha kutoka miche iliyo safi, kitalu kipya kikaanzishwa upande wa pili wa kiwanja, na cha zamani kikachimbwa chote, viazi vyake vikatolewa hadi cha mwisho, na mahali pake pakapandwa maharagwe au sukuma wiki. Mmea ni uleule, umehama tu. Katikati ya miaka hiyo, nyufa zinazotokea udongoni wakati wa kiangazi hufukiwa kwa udongo, kwa sababu fukusi hawezi kuchimba. Huingia kwa kupitia ufa.

Kiangazi kirefu kinaweza kuua kitalu hata kwa mtunzaji mwangalifu, hasa kwa wenye mashamba ya chini upande wa Mbeere na Tharaka, ambako mvua hukatika mapema. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake makuu Lima nchini Peru na ofisi Nairobi, kimeeneza njia ya kuhifadhi mbegu kwenye mchanga. Viazi vya ukubwa wa kati, visivyo na jeraha wala tundu la fukusi, hupangwa ndani ya beseni juu ya mchanga mkavu uliopoa bila kugusana, ukafuata mchanga, kisha safu nyingine, na beseni likawekwa ndani ya nyumba mahali pakavu. Kila mwezi hufukuliwa na vilivyooza vikatolewa. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, yaani kuanzia mwanzo wa Agosti kwa anayengojea vuli, viazi vilivyochipua huzikwa kwenye kitalu kidogo kilichozungushiwa ua na kumwagiliwa mara mbili kwa wiki. Kila kiazi hutoa marando mengi, na mvua za Oktoba zikianguka vipando vya ncha huwa tayari kukatwa.